Mapishi ya Mama Uliyoniomba

Chamwino,
Dodoma.
19 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Yasinta,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Anthony na mtoto wenu Cecilia. Natumaini baridi ya huko Leipzig imewahurumia kidogo, na kile kifua ulichosema kinakubana kimeachia. Wale wazee unaowahudumia kazini wanaendeleaje? Yule bibi anayekuita kwa jina la binti yake bado yupo?

Mimi ni mzima. Stanley wangu naye ni mzima, ameanza kidato cha kwanza na viatu vimeshaanza kumbana. Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba sisi sote huku hatujambo. Leo sentensi hiyo imenishinda, utanisamehe.

Uliniomba mapishi ya mama, vitabu anavyovipenda, na habari za nyumbani mvua zinapoanza na kila kitu kinachipua, uwawekee wasomaji wa ule ukurasa wako. Ulisema Waswahili wenzako huko wamechoka kuangalia miti isiyo na majani. Nimeanza kuandika mara kadhaa. Lakini kila nikigusa chakula cha mama nafika mahali ambapo wewe hujaambiwa, kwa hiyo nakuandikia yote humu humu. Utachagua mwenyewe ya kuwapa wasomaji na ya kubaki nayo.

Kwenye simu siwezi. Unaijua nyumba yetu, ukikohoa chumbani mtu wa uani anakuitikia pole. Mama anasikia kila neno. Akiniona naandika kwenye karatasi anadhani ni mapishi, na anafurahi. Nikimaliza, Bupe, yule mpangaji wetu anayefanya kazi bungeni, atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia.

Yasinta, mama hana vidonda vya tumbo. Hilo ni jina alilolichagua yeye mwenyewe ili akwambie. Ana saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ilianza kiangazi kilichopita. Ugali ukawa unamkwama, akawa anasukumia na maji kila tonge, akawa anasema ni unga wa siku hizi, haukobolewi vizuri. Tulipomfikisha hospitali kubwa mjini wakamwingiza mpira wenye kamera, na daktari, kijana mpole sana, akatuita mimi na kaka Nikodemo pembeni. Alisema imeshafika kwenye ini. Nikodemo akamuuliza kama tukimpeleka Dar es Salaam itakuwaje. Daktari akasema tunaweza kumpeleka, ila tusiende tukitegemea kupona.

Mama alipoambiwa hakulia. Aliuliza mvua zinaanza lini, kana kwamba daktari ndiye mwenye taarifa hizo. Walitaka kumwekea mpira wa kumlishia tumboni, akakataa. Alisema, "Chakula nisichokionja, cha nini?" Tukarudi naye nyumbani.

Sasa nikueleze mlenda, maana ndicho chakula cha mwisho kilichompita vizuri, na ndio uliouomba.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwanzoni mwa Desemba, mchana kweupe, kubwa, ya kelele kwenye bati. Unaijua harufu ile. Kesho yake kumbikumbi wakatoka, kuku wakashiba mpaka wakawa wanawatazama tu wakipita. Baada ya siku chache mikakala, ile miti ya miiba, yote ya upande wa bwawani ikawa ya kijani, na mlenda pori ukaota kila mahali, hata kwenye ufa wa ukuta wa choo. Nilimletea mama konzi ya kwanza. Akauweka mapajani akawa anachambua mwenyewe, majani huku, vikonyo kule, taratibu, huku akinielekeza kama vile sijawahi kupika.

Waambie wasomaji wako hivi. Majani yawe machanga, yaoshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu ukiosha baada ya kukata ule utelezi unakwenda na maji. Chemsha maji kidogo, tia magadi kiasi cha kushika kwa vidole viwili, kisha majani. Usifunike, ukifunika yanabadilika rangi. Yakilainika, pekecha kwa upekecho mpaka yavutike. Nyanya moja, siyo zaidi. Karanga zisagwe mbichi, zikorogwe na maji ya baridi pembeni ndipo zimiminwe, na hapo usiondoke jikoni maana zitafurika. Chumvi mwisho. Huliwa na ugali wa uwele. Wasipopata mlenda huko, bamia changa zitasaidia kidogo, ila mama anasema siyo kitu kimoja.

Siku ile alikula bakuli zima, bila ugali, kwa kijiko. Uliteremka wenyewe. Alivyomaliza alikaa akiwa ameshika bakuli tupu, na mimi nikatoka nje nikaenda kusimama nyuma ya banda la kuku, kwa sababu nilishaanza kuamini kwamba daktari alikosea. Kwa muda wa wiki moja hivi niliamini. Nilipika mlenda asubuhi na jioni. Halafu nao ukaanza kurudi.

Sasa anakunywa maziwa na uji mwepesi, na siku nyingine hata hayo hapana. Ulipokuwa ukipiga simu alikuwa anakwambia amekula ugali na mlenda, anakusimulia mpaka ladha ya karanga, nawe unacheka na kusema unatamani. Ukikata anafumba macho na haongei tena siku nzima. Wiki hizi mbili nilizokwambia mtandao unasumbua, mtandao ulikuwa mzima. Sauti yake ndiyo imekwisha, imebaki ya kunong'ona.

Kuhusu shamba, sijui wasomaji wako watapenda. Tulipanda uwele na karanga mvua ilipokuwa imelowesha vizuri. Mama alitaka kwenda. Nikodemo akambeba mgongoni, ni mwepesi sana siku hizi, akamkalisha kwenye kigoda mwanzo wa mstari, naye akawa anadondosha mbegu za karanga kwenye mashimo yaliyo karibu na mkono wake. Akimaliza tunamsogeza. Mstari mmoja ulituchukua asubuhi yote, na hakuna aliyemharakisha. Karanga zikaota, zikawa na majani manne mazuri. Tangu Krismasi haijanyesha tena. Jua limeunguza kila kitu, mstari wa mama umekauka kama ya wengine. Mbegu ya kurudishia hatuna, tulipanda yote. Majirani waliotangulia kupanda na waliochelewa, wote wako sawa. Mama huuliza shamba linaendeleaje. Nimemwambia vizuri, na yeye ananitazama tu. Dirisha lake linaelekea huko.

Kaka Nikodemo usimwone mkimya kwenye simu ukadhani amekukasirikia. Mama alikuwa hawezi kulala chali, kila kitu kinarudi kooni, tukawa tunamwegemeza kwenye mito na anateleza. Nikodemo akamtengenezea kitanda kule karakana kwake Kizota, cha mabomba ya mraba, upande wa kichwa unanyanyuka na kushuka kwa mkono. Amekipaka rangi ya bluu. Ni kitanda kizuri kuliko vya hospitali. Ila tangu siku alipokileta, hawezi kukaa na mama. Anakuja kutoka mjini, anaingia, anamwamkia, anainama anakaza nati za kitanda ambazo wala hazijalegea, anaondoka. Juzi nilimfuata mpaka barabarani nikamwambia mama anataka akae tu amwone. Akaniambia, "Emilia, mimi nikikiona kitu kimeharibika, mikono yangu inataka kukitengeneza. Nikikaa pale nifanye nini nayo?" Akapanda pikipiki akaenda.

Vitabu. Lile sanduku la bati bado liko chini ya kitanda, sasa kitanda cha bluu. Mchwa walikula baadhi masika ya mwaka juzi. Unavikumbuka vile ambavyo mama aliviokota shule ya msingi walipokuwa wanavichoma, akavibeba kwenye ungo kama mahindi? Ile hadithi ndefu ya mwanamke mfanyabiashara wa chumvi, isiyo na jalada, ipo. Kurasa za mwisho ndizo zimeliwa. Nilimsomea tena yote kuanzia Novemba, kidogo kidogo, nikafika pale mchwa walipoishia. Nikamuuliza ilikwishaje. Akatikisa kichwa. Hakumbuki, au hakutaka kusema, sijui.

Lakini kitabu anachokipenda kuliko vyote ni kile kijitabu cha ufugaji bora wa kuku. Cheka ukitaka. Wasomaji wako waambie ukweli huo, kwamba mama yetu alikuwa akitusomea jikoni kijitabu cha kuku kwa sauti ya kila mhusika, jogoo ana sauti yake, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kina sauti yake kama ya mtu mwovu, nasi tunaogopa kideri kuliko simba. Nilimsomea wiki iliyopita. Nilijaribu sauti ya kideri. Akacheka, na kicheko kikamgeuka kikawa kikohozi, na kikohozi kikatoa damu. Sijakisoma tena. Yeye ananionyesha kwa kidole kwamba nikichukue, mimi najifanya natafuta miwani.

Nimekwambia yote haya na bado sijakwambia lile ulilonalo moyoni sasa hivi, kwamba uje au usije. Najua habari ya vibali vyenu. Ulishanieleza kwamba maombi yenu yako mezani kwa watu wa uhamiaji na ukitoka kabla hawajajibu hutaruhusiwa kurudi, na mtoto ameshaanza shule. Sitakwambia acha vyote uje. Hata ukija, huji kumponya. Na sitakwambia kaa, kwa sababu sitaki baada ya miaka uniulize kwa nini nilikwambia ukae. Nilifikiri nikiandika nitaona njia. Sijaiona.

Ninalokuomba ni hili tu. Piga simu Jumapili ijayo, baada ya ibada. Usimuulize amekula nini. Ongea wewe. Mweleze njia unayopita kwenda kazini, mweleze Cecilia anavyovaa makoti mawili, mwimbie ukitaka. Hatakujibu. Usidhani simu imekatika. Nitakuwa nimeishika sikioni kwake.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nikaweka kalamu nikamletee maji. Niliporudi nikamkuta amevuta karatasi hizi kwenye shuka. Macho yake hayaoni tena maandishi yangu madogo. Akanong'ona nimsomee mapishi. Nikamsomea mlenda, neno kwa neno. Akainua kidole kwenye chumvi, kwamba iwe kidogo, nikasema sawa. Nikakunja karatasi. Akaweka mkono juu yake.

"Soma na uliyoyaruka," akasema.

Nilisema hakuna. Mkono haukutoka. Basi, Yasinta, nikasoma. Nilimsomea saratani, na ini, na mstari wa karanga uliokauka, na Nikodemo barabarani, na damu, na vibali vyenu. Alisikiliza akiangalia dari. Nilipofika kwenye shamba hakushtuka hata kidogo. Nilipomaliza nilingoja anigombeze kwa kukwambia.

Kisha akasema, "Mwambie ukweli wote. Mwambie nilimngoja, halafu nikaacha. Asije."

Nikamuuliza kama kweli anataka niandike hivyo. Akafumba macho. Nikamuuliza tena. Akageukia ukutani.

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Sijui kama alisema kwa kukuhurumia au kwa kuchoka. Nilidhani mimi niliyekaa naye ningejua.

Nikodemo na mkewe Generosa wanakusalimu. Bupe anakusalimu, na Stanley anamshikia shangazi yake mdogo Anthony miguu, ndivyo alivyosema niandike, amekuchanganya wewe mama yake mdogo na mumeo, nimeliacha hivyo hivyo. Msalimie sana shemeji, na umbusu Cecilia kwenye paji la uso, pale mama alipombusu siku mnaondoka.

Mungu akushike mkono huko uliko, mdogo wangu, maana sisi mikono yetu haifiki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Emilia