Sauti Yako Niliyoikata

Kaka Kule,

Ninakuandikia nikiwa dukani kwetu Bwera, kwenye kiti chako ambacho bado kinayumba. Wateja hawajabadilika. Wapagazi wa mpakani Mpondwe wanaleta memori kadi niwajazie muziki na kulalamika kwamba nyimbo zangu zimelala. Wanataka zipige kelele kushinda malori. Nami napandisha sauti, maana hupo wa kunigombeza.

Ulikuwa ukinichapa mkono kila taa ya kipimo cha sauti ilipogeuka nyekundu. "Mbambu, shusha kwanza ndio ugeuze faili. Wacha nafasi kidogo huko juu. Sauti ikikatwa kichwa, hata ukishusha kesho, kichwa hairudi." Nilikucheka, nikasema unapima muziki kama muuguzi anayepima dawa ya mtoto.

Sasa nisikilize, na usinikatize.

Kabla ya misa ya kukukumbuka, mkeo aliniletea ule wimbo uliomwimbia mwanao Ithungu alipozaliwa. Faili moja tu, nzito, isiyofunguka kwenye simu yake. Aliomba niigeuze iwe MP3. Nilitaka ua mzima ukusikie, hata waliokaa nyuma kwenye migomba. Nikapandisha. Nyekundu ikawaka, nikaiona, Kaka. Niliiona. Nikahifadhi juu ya ile ya asili, ikafutika, kisha ndipo nikageuza.

Siku ile ya misa, ulipofika pale unapopaza jina la mtoto, sauti ilipasuka kama karanga kikaangoni. Mkeo akanigeukia. "Mbambu, bwana yangu alikuwa anaimba hivi?" Nikamwambia spika ni mbovu. Aliniamini, na mwenye spika akalaumiwa mbele ya watu. Tangu hapo nimeishusha mara nyingi. Inakuwa ndogo, lakini bado imepasuka.

Kinachonitesa zaidi ni Ithungu. Juzi alikuja dukani na mama yake, akaimba wimbo wako. Alipofika pale kwenye jina akakwaruza koo, krr, krr, kwa makini kabisa, akiamini ndivyo baba yake alivyomwita. Mama yake alicheka. Mimi nilijifanya natafuta waya chini ya meza, nikalia.

Pumzika, mwalimu wangu. Jumapili naenda kwenu kumwambia mkeo ukweli, na mwenye spika nitamwomba msamaha mbele ya watu walewale. Kisha nitamkalisha Ithungu karibu nami, nimwimbie jina lake kama ulivyoliimba, tena na tena, mpaka aache kukwaruza.

Mbambu