Kisima cha Fatu

Jumapili, 3 Novemba 2024
Picha imekuja kutoka kwa watu wa ukurasa niliowatumia pesa! Kisima kimekamilika. Bango jeupe: SADAKA YA MAREHEMU FATU. Watoto wamezunguka bomba, wanacheka. Nimeitazama mpaka simu ikazimika. Mke wangu alipanga foleni ya ndoo hapa Newala kabla ya adhana, siku zote za ndoa yetu — sasa wengine wanakunywa kwa jina lake. Nimemtumia mama mkwe, kule kijijini Mnyambe. Akapiga: Baba Somoe, mwanangu alikuwa mvivu wa kufagia, lakini maji aliyajua! Tumecheka. Hakuna aliyetaka kukata simu.

Ijumaa, 15 Novemba 2024
Baada ya swala imamu katuzuia tusitoke. Kuna kurasa kwenye simu zinachangisha visima na yatima, kasema, na pesa zinavuka mto Ruvuma kwa wale wanaochoma vijiji huko ng'ambo. Kazitaja. Wetu, wa kisima cha Fatu, kautaja wa pili.
Faruku, kaka yake Fatu, ndiye aliyenitumia ule ukurasa. Nimemkuta nje amekaa kwenye pikipiki, hajaiwasha. Shemeji, na mimi nilimtolea dada yangu, kasema. Basi.

Jumamosi, 16 Novemba 2024
Faruku kanionyesha picha nyingine. Watoto walewale, bomba lilelile. Marehemu mwingine kwenye bango.
Hakuna kisima.

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Kama thawabu za maji zingemfikia Fatu kaburini, je, dhambi ya moto wa vile vijiji nayo? Yeye aliyekuwa akimtoa kuku jikoni kwa kumbembeleza! Nimemuuliza imamu. Kasema dhambi haimwandami maiti, na wewe hukujua. Nimeshukuru. Usingizi hauji.
Jioni mama mkwe kapiga, furaha tele. Mdogo wake, mama mdogo wa Fatu, kauza korosho, anataka kisima kama cha Fatu. Cha Yassini, mwanawe. Yassini waliyemuua hao hao wachoma vijiji, ng'ambo ya Ruvuma, walipomchomea mama yake nyumba! Nikasema msitume kwa mtu, nakuja.

Jumanne, 19 Novemba 2024
Mnyambe. Nilijipanga kusema mlangoni. Shikamoo — marahaba — mkeka umeshatandikwa, uji umeshamiminwa. Mama mdogo kanishikisha pesa, zimefungwa kwenye pindo la khanga. Tuma wewe, mkwe, mimi simu hizi zinanicheka. Waambie kiwe penye kivuli, mwanangu alipenda maji ya baridi.
Nimezipokea. Nimesema natafuta mtandao. Niko nyuma ya nyumba, khanga mapajani.
Anaita: Baba Somoe! Umeupata?