Timu Haijafa, Baba Neema

Baba Neema mpenzi,

Nimekukaidi, na ni bora ulisikie kwangu mwenyewe. Siku zile za mwisho hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Mimi nikiondoka, timu iishe. Wagawie watu helmeti, usihangaike." Nikanyamaza. Ukakichukua kimya changu kuwa ndiyo, ukalala. Tumeishi pamoja miaka yote hiyo, hukujua kwamba kimya kingi kina mshindo?

Nakumbuka jioni uliporudi kutoka ghalani na mifuko mitatu ya helmeti za timu iliyovunjika, kila moja na rangi yake. Ulizipaka zote nyeusi jikoni kwangu, na wali wetu ukanuka rangi wiki nzima. Nikakuuliza ni mchezo gani huu, watu wazima wanagongana kama kondoo dume halafu wanasimama kupumzika. Ukanieleza kwamba ni futiboli ya Kimarekani, kwamba timu inapewa majaribio manne kusogea yadi kumi, na ikishindwa inanyang'anywa mpira. Mimi mtihani wa Kiswidi tulipofika huku Uswidi niliufanya mara tano. Nikakuambia mchezo wako una huruma ndogo.

Hata hivyo nilifua. Kila Jumapili niliandika jina letu kwenye ubao wa chumba cha kufulia cha jengo, nikashuka na jezi zenu, na kila Jumatatu jirani wa ghorofa ya tatu alibandika karatasi mlangoni kulalamikia majani ndani ya mashine. Nyinyi mlicheza ligi ya chini kabisa, mbele ya wake zenu na mbwa wawili. Lakini hakuna mtu aliyelijua tope la uwanja wenu wa Jordbro kuliko mimi.

Halafu ukapata ile akili yako ya kuita mipango kwa Kiswahili. Wachile, Wakurdi, Waswidi, wote uliwafundisha: kushoto, kulia, pita kati, ngoja. Mkashinda mechi tatu mfululizo, na ukatembea sokoni Skärholmen kama waziri. Mechi ya nne mlicheza na timu ya kaskazini. Kila mlipokwenda, walikuwa wameshafika. Ulibadilisha mipango, ukapaza sauti zaidi, na walizidi kuwahi. Mechi ilipoisha, kijana mrefu wa timu yao alivua helmeti akakujia na tabasamu. "Shikamoo, mzee. Mimi ni Mrundi. Nilisikia vyote."

Katika Uswidi nzima, ulidhani Kiswahili ni siri yako peke yako! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Wewe hukukasirika. Ulimpakulia kijana huyo, Désiré, pilau iliyokuwa ya wachezaji wako, na alipohamia Stockholm kutafuta kazi, alikuja moja kwa moja mlangoni kwetu. Leo ndiye nahodha.

Basi, arobaini yako haijatimia, klabu kubwa ya mjini ikatuma barua. Walitaka tuungane. Kuku akiungana na mwewe, tunajua nani anabaki. Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, na mtu wao alikuja na mikate ya mdalasini na picha za kumulika ukutani. Vijana wetu wangecheza kwao, uwanja ungerudishwa kwa manispaa, na jina la timu lingewekwa kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Alizungumza kwa upole sana. Alikutaja wewe mara nne, na kila mara alinitazama kwa huruma, mpaka nikatamani kumrushia mkate.

Neema alikuwa pembeni yangu. Aliniinamia akasema kwa Kiswidi chake cha kunionea huruma, "Mamma, släpp det," yaani niachane nalo. Alisema na wewe ndivyo ulivyotaka. Hapo ndipo niliposimama.

Kiswidi changu unakijua. Nilikisema hivyohivyo kilivyo. "Mume wangu amekufa. Timu haijafa. Msichanganye."

Nikataka kura za mikono zihesabiwe, si zile za kuitikia kwa pamoja na kugonga nyundo. Tukashinda kwa mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa wa Neema. Sikumwuliza kwa nini. Alikuwa analia, nami nilikuwa nalia. Walipouliza nani atakuwa mwenyekiti, wote wakatazama viatu vyao. Nikaandika jina langu.

Sasa nikuambie jambo, maana nimelifikiria sana. Haukuwa uchovu wangu uliokutia wasiwasi pale hospitalini. Hukuweza kuiwaza timu ikicheza bila wewe. Nilikukasirikia kwa hilo, Baba Neema, nikakukasirikia hata nikiwa nimesimama kaburini. Lakini nakuelewa. Wiki zile za kwanza hata mimi nilitaka kila kitu kisimame: treni, maduka, watoto wa jirani kucheka ngazini.

Jumamosi iliyopita tulicheza mechi ya kwanza. Tulifungwa, na sikufichi, tulifungwa vibaya. Wachezaji wetu walikuwa wachache hata hakukuwa na wa kupumzisha wengine. Lakini karibu na mwisho Désiré alikamata mpira, akawapita wawili, akaanguka nao ng'ambo ya mstari wa bao. Nikaruka. Nilipiga kelele, nikamkumbatia mtu nisiyemjua, nikacheka kwa sauti. Na kwa dakika nzima nilikuwa nimesahau kwamba hupo.

Nilipokumbuka, nilikaa chini nikaona aibu, kama niliyekusaliti mbele za watu. Halafu wakajipanga tena mstarini, na mimi nikasimama kuwaangalia.

Pumzika, mume wangu. Sikuombi ruhusa.

Mkeo,
Mama Neema