Mume Wangu Hataki Kushuka Meza Kuu

Mpendwa Bi Moza mshauri, naomba msaada, na kabla ya yote naomba usicheke mpaka umalize kusoma, maana dada yangu nilipomsimulia alicheka hadi akakaa chini na ushauri hakunipa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Mnero, naishi Nachingwea mjini na mume wangu ambaye ni mtu wa Sumbawanga, aliletwa huku na serikali zamani akiwa Bwana Mifugo, akastaafu huku huku, na tuna kikundi chetu cha majirani kinaitwa Tupendane, Waislamu na Wakristo pamoja, tunazikana, tunaozeshana, na kila msimu tunatoka: Idi pili tunakula kwa wenzetu, siku ya pili ya Krismasi wanakula kwetu, na msimu wa mabibo tunapanda lori wote kwenda kushinda shambani kwa mwanachama mmoja, tunakula mabibo, tunachoma korosho, tunapika pilau, tunacheza ngoma mpaka jua linazama. Hiyo ya mabibo ndiyo sikukuu yangu, Bi Moza, kuliko hata Krismasi, Mungu anisamehe.

Sasa mwaka ule mume wangu alipostaafu, mwenyekiti wetu Biasha kwa huruma tu alimwomba awe mgeni rasmi, aseme maneno mawili, naye akayasema hayo maneno mawili kwa saa nzima, juu ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, huku watu wameshika mapaja ya kuku mkononi. Tulipiga makofi. Tangu hapo hajaombwa tena na mtu, lakini kila msimu ukikaribia anajua mwenyewe kuwa ni mgeni rasmi, suti yake ya Kaunda inapigwa pasi, anasimama mbele ya kioo cha kabati anaanza "Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama," na mimi siwezi kusema kitu kwa sababu siku hizo ndizo anazoamka anapiga mluzi, siku nyingine zote tangu astaafu hakuna mtu anayekuja kumwuliza hata habari ya mbuzi.

Na mgeni rasmi hapandi lori na watu. Lori linaondoka asubuhi na mapema wenzangu wanaimba, sisi tunabaki, halafu tunafuata na pikipiki yake, na tukikaribia anaizima, tunakaa nyuma ya mkorosho, mimi na yeye, tunasubiri tuchelewe. Nasikia ngoma, nasikia harufu ya korosho zinachomwa, naye anatazama saa anasema bado, hawajajipanga. Tukishaingia napelekwa meza kuu kama mke wa mgeni rasmi, nawekewa soda na mrija, bibo sili kwa sababu maji yake yakidondokea gauni hayatoki, kucheza sichezi, na wenzangu wananipungia mkono kutoka mkekani kana kwamba nasafiri.

Mwaka jana ndiyo yalizidi. Tulikwenda Chunyu kwa mzee Harithi, naye maskini kwa kutaka wageni wastirike alichimba choo kipya akakizungushia nyasi, mume wangu aliposikia akatuma neno kwamba choo hicho kisitumike mpaka kizinduliwe, na kwa vile alilisema kwa sauti ile ya ofisini mzee Harithi akadhani ni amri ya serikali, akafunga kipande cha kanga mlangoni. Watu wamerushwarushwa na lori njia nzima, choo wanakiona kwa macho, na mgeni rasmi yuko nyuma ya mkorosho anatazama saa. Wenye nguvu wakaingia porini. Bi Hajra ni mtu mzima na ana sukari, akavumilia, akavumilia, mwisho akainama akapita chini ya kanga. Na hapo hapo ndipo tulipoingia. Mume wangu akapewa mkasi, akasema, "Natamka rasmi kwamba choo hiki kimefunguliwa," akakata, watu wakapiga makofi, na ndani ikasikika sauti ya Bi Hajra: "Nani huyo? Subirini, mimi sijamaliza."

Watu walicheka hadi machozi, mume wangu akaendelea na hotuba, lakini Bi Hajra hakutoka mle ndani mpaka hotuba ilipoisha, na tangu siku hiyo hajaja kikundini, hata Idi pili hakuja, nikipita kwake ananiambia mguu unamsumbua, na mguu wenyewe tunaujua.

Basi juzi tulikaa kikao, mabibo yameanza kuiva, Biasha akasema, "Jamani, shemeji tunampenda, ila katuchosha. Tumwambie mwaka huu safari haipo, lori bovu." Akauliza nani anaunga mkono, mikono ikanyooshwa, na nilipotazama, Bi Moza, na wa kwangu ulikuwa juu. Wakasema basi Mama Ritha, yaani mimi, ndiye atakayemwambia, maana ndiye anayelala naye. Sijamwambia mpaka leo. Kila nikitaka kufungua mdomo namkuta anapiga suti pasi. Nikimdanganya nitakuwa nimemuuza mume wangu kwa bibo, nikikataa wenzangu watasema nimenogewa na meza kuu, na kikundi kikivunjika sina kingine, huku ndiko nilikozikiwa mama yangu na huku ndiko nitakakozikwa. Nifanyeje? Majina nimeyabadilisha, isipokuwa la mzee Harithi, yeye amesema hana neno.

Wako,
Mke wa Mgeni Rasmi, Nachingwea

BI MOZA ANAJIBU

Mke wa Mgeni Rasmi, nimecheka, tena nimecheka kabla sijamaliza, unisamehe. Nilipofika kwa Bi Hajra na mguu wake kicheko kikaniisha. Sasa nisikilize.

Nianze na hao wenzako. Mnajiita Tupendane, na katika watu wazima wote hao hamna hata mmoja wa kumwambia mwenzenu, "Fupisha, shemeji, pilau inapoa"? Huyo mgeni rasmi hakujiotea kama uyoga. Kiti mlimwekea nyinyi, mkasi mlimpa nyinyi, makofi mlipiga nyinyi. Mtu akipigiwa makofi kwa kufungua choo, mnatarajia mwaka unaofuata afungue nini? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na nyinyi sasa mnalia huku mmejificha nyuma ya mke wa mtu.

Halafu huo uongo wa lori. Lori limejaa masufuria, ngoma na wanawake wanaoimba, litapita njia gani hapo Nachingwea Bwana Mifugo asilisikie? Au mtaimba kimoyomoyo mpaka Ruangwa? Njia ya mwongo ni fupi, mama, na hii ya kwenu inaishia mlangoni kwako: mume wako amesimama na suti yake, analiona lori zima linapita, na wewe umo ndani.

Na kuna jambo hukulifikiria. Majina umeyabadilisha, vizuri, lakini choo hukukibadilisha. Huko kwenu nani asiyemjua aliyezindua choo Chunyu? Gazeti hili linawafikia kwa basi, limechelewa siku moja tu, na mstaafu husoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Kwa hiyo habari ya kumwambia au kutomwambia imekwisha. Kilichobaki ni asikie kwako au asome kwangu. Mwambie leo. Mngoje ale kwanza, habari kama hii haipelekwi kwa mtu mwenye njaa.

Biasha naye asikutume tena. Aje mwenyewe hapo nyumbani, yeye ndiye mwenyekiti, aseme: shemeji, mwaka huu hatuna mgeni rasmi, ila tuna mbuzi, na wa kuijua nyama nzima na nyama mbovu ni wewe. Mzee Harithi achinje ili kila mtu ale kwa amani, mume wako akague na achune. Apande lori na watu, avae shati la kazi. Sijapata kuona mtu mwenye kisu mkononi na damu mpaka viwikoni akatoa hotuba ya saa nzima.

Kwa Bi Hajra aende kwa miguu yake, kabla ya safari. Amwombe radhi kwa neno moja, kisha anyamaze, ijapokuwa kunyamaza kutamtesa. Na nyinyi mliocheka mkaendelea kula, mfuate mmoja mmoja. Mama wa watu alijifungia chooni kwa aibu mkamwacha humo, halafu mnashangaa mguu unamuuma.

Sasa wewe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza anayosema Biasha, aliyodhani Harithi, watakayosema wenzako. Unalolitaka wewe umeniambia mimi, mtu usiyenijua. Mume wako je? Miaka yote hiyo mmekaa wawili nyuma ya mkorosho, hakuna meza, hakuna mwenyekiti, hakuna wa kuwasikia, na hukuwahi kumwambia, "Baba Ritha, mimi nataka kwenda kucheza." Ulinyamaza mahali pa kusema, ukaja kunyoosha mkono mahali pa kunyamaza. Suti ataizika kabatini, atapoa. Huo mkono ndio utakaomuuma, na lazima umwambie kwamba nao ulikuwa juu, usimwachie Biasha amwambie.

Kisha mwambie la kwako, si la kikundi: kwamba umechoka kukaa karibu na mgeni rasmi, unataka kukaa karibu na mume wako, mkekani, na gauni lako la zamani. Inawezekana atanuna. Akinuna mpaka siku ya safari, wewe panda lori, cheza, mletee mabibo, na msimu mwingine mwombe tena. Akikubali, nina hakika atakuuliza hotuba aliyokwisha kuiandaa aipeleke wapi. Mwambie aitoe nyumbani, jioni, kwako. Weka chini ufagio, acha mboga, kaa mbele yake umsikilize kideri chake chote mpaka neno la mwisho, maana tangu astaafu hakuna aliyemsikiliza kwa kupenda, na wewe ndiye uliyeolewa naye. Ila akimaliza usipige makofi. Mshike mkono, umwambie kwa upole kwamba ilikuwa ndefu.