Ulipima Maji Kila Asubuhi

Mwalimu,

Nilikupoteza Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka 2014, siku ya kumi na tisa tangu tuanze kuandaa maji ya tangi letu. Kiharusi, saa tano asubuhi, ukiwa ubaoni. Mimi nilikuwa kijijini Makere, juu ya ngazi, nafunga vioo vya madirisha, nikapigiwa simu. Nina hasira na wewe, na sitaificha eti kwa sababu umekufa.

Ulikuja kwenye kibanda changu cha vioo hapa Kasulu, mwalimu wa kemia kutoka Tanga, ukasalimia "mwakeye", salamu ya Kiha ya asubuhi, saa kumi jioni, watu wakakucheka. Ulitaka tangi la lita mia mbili, umwekee binti yako Neema samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Nilipomaliza kuligundisha nyumbani kwako nikataka samaki waingie kesho yake. Ukakataa. "Fundi, maji haya bado mabichi. Wiki sita." Maji ya bomba yalisoma pH sita na nusu, tukatandaza makombe ya konokono wa ziwani chini, pH ikapanda hadi nane. Ukatupia chakula kidogo kioze. Amonia, sumu kwa samaki, ikapanda, bakteria wakaanza kuila na kutoa nitraiti, sumu nyingine, nayo ikawa inangoja bakteria wengine waigeuze. Mimi wa darasa la saba nikajaza daftari namba.

Msibani kwako akina mama walichota nusu ya tangi kuoshea masufuria. Watoto wakachukua makombe kuchezea. Nilipofoka, shangazi yako akanijibu, "Baba, wiki tatu hamna hata samaki mmoja. Mnafuga nini humu, mbu?" Nikajaza maji ya bomba upya. Ndani ya wiki mbili pH ilishuka hadi sita, bakteria wakalala, nitraiti ikagoma palepale. Niliagiza makombe mengine Kigoma, nikangoja upya, peke yangu. Juzi amonia sifuri, nitraiti sifuri, pH nane. Jana hivyohivyo; maji yameiva.

Sasa nisikilize. Muuguzi alikuja shuleni kwenu kupima presha. Walimu wenzako walipanga foleni, wewe ukapita, "Nina kipindi." Wenzako ndio walioniambia, tumeshakuzika. Siku ya kumi na mbili ulishika kichwa, ukasoma karatasi ileile ya kupimia maji mara tatu, ukasema ni jua tu. Nikaandika namba uliyonisomea bila kukuuliza zaidi. Maji yasiyo na samaki uliyapima kila asubuhi, Mwalimu. Mkono wako ulikuwa unamficha muuguzi kwa nini?

Tangi nitalitunza, na Neema nitamfundisha kupima, maji na watu. Hilo nakuahidi. Pumzika.

Lakini Jumapili saa nne naingiza samaki, naye atakuwa amesimama pembeni yangu. Ameshaniuliza mara mbili kama baba yake alijua anaumwa. Nimemjibu sijui. Mara ya tatu sitaweza. Njoo hata ndotoni, kabla ya saa nne hiyo, uniambie neno moja tu: ulijua, au hukujua?