Nyumba ya Mama Nimeikuta Kordoba

Malton, karibu na Toronto
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako dada yangu Zuhura,

Pokea salaam za mdogo wako mkaidi. Goti lako li hali gani? Bado linakugomea asubuhi, au yale mafuta ya habasoda yamelituliza? Na usingizi unapata? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haijui kuaga. Mwezi wa tano unaisha na asubuhi bado natoka na koti. Kazi ni ile ile ya jikoni huko uwanja wa ndege, kupanga sinia za chakula cha abiria, na basi ni lile lile linalonipita huku nikilipungia mkono.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia barua na simu ninayo. Dada, sisi kwenye simu hatuwezani. Wewe ukitaja nyumba ya Mama, mimi napandisha sauti, wewe unakata, kisha wiki nzima tumenuniana, watu wazima na mvi zetu. Zile karatasi za wakili ulizonitumia, nitie sahihi nyumba iuzwe, nimezikalia miaka miwili sasa. Kaka Athmani alishatia yake. Nimebaki mimi tu. Basi soma hii pole pole, na usirukie chini kutafuta jibu, nakujua.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Hispania. Usishtuke! Mwanangu Salma alikuwa na mkutano wa kazi huko Madrid, akanikokota na mimi, ati nipumzike. Mkutano ulipokwisha tukapanda treni hadi mji mmoja wa kale uitwao Kordoba. Mji huo, dada, zamani waliishi Waislamu, Wakristo na Mayahudi, na kila mmoja ameacha mkono wake kwenye kuta. Niliingia kwenye vichochoro vyake nikasimama, miguu ikakataa kwenda. Kuta nyeupe za chokaa, njia nyembamba hata mkikutana wawili mmoja anajibana ukutani, madirisha ya vyuma, milango mizito ya mbao yenye misumari vichwa nje. Na harufu ya asumini! Nilimwambia Salma, "Hapa ni kwetu, Mji wa Kale." Akanijibu kwa Kizungu chake, kama kawaida yake, kwamba hapa ni mbali sana na Mombasa. Mtoto wa Toronto huyo, atajua nini.

Aibu niliyoipata msikitini nikuhadithie, lakini usimwambie wifi. Kuna msikiti mkubwa wa zamani ambao sasa ni kanisa. Mimi kufika mlangoni, nikainama, nikavua viatu, nikavishika mkononi, mguu wa kulia mbele kama alivyotufunza Mama. Lo! Mlinzi akanijia mbio, "Señora, señora!" huku akinionyesha miguu. Watu wote wakageuka. Salma akasogea kando kama hanijui. Nikavivaa, lakini wallahi nilitembea mle ndani najiona mkosa adabu. Nguzo hazina idadi, matao yake mekundu kwa meupe, ukienda mbele unakutana na madhabahu na viti vya kanisa katikati. Kuswali hakuruhusiwi, Salma alishanionya, basi nikamsomea Mama Fatiha kimoyomoyo nikiwa nimesimama wima. Machozi yalinitoka. Nilimkumbuka alivyokuwa akitupanga nyuma yake juu ya dari siku za mwezi mtukufu, wewe kulia, mimi kushoto, na mimi nakufinya upate kucheka katikati ya sala.

Siku ya pili ndipo mambo yalipotokea. Huko msimu huu wenye nyumba hufungua milango, wageni wakaingia kutazama viwanja vyao vya ndani. Mimi na yangu, nikasimama kizingitini nikapiga "Hodi!" Salma akaanza kucheka, ananivuta niingie tu. Nikamwambia siingii nyumba ya watu kama mwizi. Nikapiga tena. Akatokea bibi mmoja mtu mzima sana, mkubwa kuliko wewe kidogo, kavaa aproni, jina lake Carmen. Bila shaka hakujua nimesema nini, lakini akacheka, akanishika mkono akaniingiza.

Dada, kiwanda chetu cha katikati ya nyumba, kile kile! Kisima pembeni, ngazi ya mawe inayopanda hadi ghorofani, roshani ya mbao, na mbingu ya mraba juu. Tofauti ni vyungu vya maua tu, vimetundikwa ukutani kuanzia chini hadi juu kabisa. Nikaona pale Mama angeketi akitunga vikuba vya asumini, pale wewe ungeanika vitambaa vyako, pale mimi ningejificha nisitumwe dukani. Nikashikwa na wazimu wa furaha. Nikamwambia Salma, anayejua Kihispania cha shuleni, "Mwambie asiiuze nyumba hii kamwe! Mwambie hata kama watamlazimisha!"

Bi Carmen akasikiliza, akauliza kama nami nina nyumba ya namna hii. Nikajidai, ndiyo, ninayo, iko Mombasa. Nani anaifagia? Dada yangu. Ana umri gani? Sabini na mbili. Ngazi zake ni ngapi? Nikaanza kuhesabu kwa vidole, kumbe nimesahau. Niliondoka pale nikiwa msichana, dada, sikuwahi kupanda zile ngazi nikazihesabu kwa magoti.

Basi yule bibi akaenda pembeni. Akaniletea mti mrefu uliofungwa kopo nchani, ndio wanaonyweshea vyungu vya juu, akanionyesha, haya, mwagilia. Nikamwagilia kimoja, cha pili, cha tatu bega likaniuma, maji yakanimwagikia usoni. Akacheka sana, kisha akaketi. Alisema kila mgeni humwambia aishi hapa milele, halafu hupiga picha na kwenda zake. Hajalala ghorofani tangu majira ya baridi, analala jikoni, kwenye kiti.

Salma alikuwa akinitafsiria kwa Kizungu. Alipofika hapo akasita, akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika vunjika ambacho sijakisikia tangu yuko mdogo, "Mama, mama mkubwa anapanda ngazi na nani?"

 Ile siku ulipoteleza ngazini ukakaa sakafuni mpaka jirani yako Bi Nuru aje, mimi nilikwambia nini? Nilikwambia uweke kamba ya kushikilia. Kamba! Niko huku kwenye lifti, nyumba ina joto, maji ya moto, nakwambia ujifungie kamba ili mlango wa Mama usibadilike rangi. Nimekuonea, dada yangu. Nilikuweka mle ndani ili mimi niwe na kwetu pa kuota nikiwa kwenye basi. Nisamehe, tafadhali. Nimelia nikiandika hapa, ukiona wino umevuja ndiyo sababu.

Karatasi zimo kwenye bahasha hii, nimetia sahihi kila mahali. Uza. Tafuta nyumba ya chini, isiyo na hata kidato kimoja, karibu na msikiti na karibu na watu. Vyombo vya Mama usinitunzie, gawa.

Nisalimie Kaka Athmani, mwambie alikuwa na haki na asijivune. Msalimu wifi Mwanaisha. Bi Nuru jirani mwambie Mungu amlipe kwa siku ile alipokuinua, kazi iliyokuwa yangu. Salma anakusalimu, na safari hii kasema mwenyewe, sikumlazimisha.

Siku ya kuhama usinipigie simu, maana nitalia, nawe kwa huruma yako utaghairi. Nipigie kesho yake, uniambie umelala kitandani.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia