Samaki Wangu Yumo Chumbani kwa Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri,

Msaada ninaouomba ni wa kuingia katika chumba changu mwenyewe. Mimi ni karani wa reli hapa Voi, nina mke, Peris, niliyefunga naye ndoa kanisani mwaka jana, na nina samaki wawili, perege wa Ziwa Jipe, ambao Musyimi, gadi wa gari la moshi la Taveta, aliniletea wakiwa hai katika debe, nami nikawatia katika kabati la kioo lililokuwa la mikate dukani kwa Mahmud, baada ya fundi wa madirisha kuliziba pembe, na kabati hilo nililiweka chumbani kwa sababu sebuleni jua la Voi huchemsha maji.

Mheshimiwa, samaki huyu si kama kuku. Jike hutaga mchangani, kisha huyaokota mayai yake yote kwa kinywa na kuyalea humo humo mpaka yawe watoto wanaoogelea, na muda huo wote hali kitu, koo limevimba, naye hutafuna polepole kama mzee asiye na meno, akiyageuza mayai yasioze. Mara mbili jike wangu alishtuka akayameza. Safari hii yule dume nimemtoa nikamweka katika debe barazani, kwa sababu akimaliza kazi yake hana faida tena ila kumsumbua mwenzake, na watoto wakitoka huwala.

Sasa Jumanne mama mkwe alishuka kutoka Werugha bila mimi kuarifiwa, akawaacha ng'ombe wake wa maziwa kwa majirani, akaja na kikapu cha mayai, kibuyu cha maziwa na mkoba wake wa kazi, maana yeye ni mkunga anayejulikana huko milimani, akapewa chumba pamoja na Peris, nami nikapewa benchi la sebuleni. Wewe wajua kwamba mtu hawezi kukanyaga mahali alalapo mama mkwe wake, wala kumtazama usoni, wala hata kumtaja jina, kwa hiyo tangu Jumanne sijamwona samaki wangu, habari zake ninazisikia kupitia pazia la mlango.

Habari zenyewe ni mbaya. Siku ya kwanza nilimsikia akisema, "Peris, samaki wa mumeo ananitazama nikivua nguo," akalifunika kabati kwa kanga. Siku ya pili akasema, "Kumbe maskini ana rovu! Tazama shingo ilivyofura. Jumamosi nikipata mafuta mazuri nitamtoa nimkande." Mshauri, akikandwa huyo, watoto wangu wamekwisha! Nikamwita Peris pazia likiwa kati yetu, nikamwambia, "Mwambie mama asimguse." Akajibu, "Mwambie mwenyewe." Nikasema, "Nitamwambiaje, naye ni mkwe?" Akasema, "Basi mngoje samaki afumbue kinywa akusemee."

Na huyu Peris ndiye anayenishangaza zaidi, kwa kuwa zamani alimpenda samaki huyo, lakini siku hizi kwa wivu hataki hata kusikia harufu ya maji yake, hali chakula ninachonunua, asubuhi hutapika kwa hasira, na juzi nilimkuta akilamba udongo wa ukuta ili kunikomoa. Jumapili tulipoingia nyumbani kutoka kanisani alisema, "Bwana, nina neno la kukuambia," nikamwambia angoje, kwa sababu dakika ile ile jike alikuwa akiokota mayai, na tangu hapo neno hilo hajalisema. Tena nilipoomba kwa adabu nibakiziwe mayai mawili ya Werugha, ili viini vyake viwe chakula cha watoto wa samaki, mama mkwe alisema kwa sauti iliyosikika hata kwa jirani, "Mayai haya nimeyabeba kwa ajili ya mtu!" Musyimi naye hunicheka stesheni: "Wenzako wanazaa watoto, wewe unazaa kitoweo." Jumamosi inakaribia. Nifanyeje nimwokoe mzazi huyu?

Mwenye Nyumba Asiyeingia,
Voi

JIBU

Bwana Mwenye Nyumba,

Barua yako niliijibu kwa posta kabla ya kuichapisha, maana Jumamosi haingoji gazeti. Sentensi zako ni ndefu kama gari la moshi la mizigo, nami nilitafuta kituo cha kushukia nisikione. Hata hivyo nimefika, na kila ulichokiandika juu ya samaki ni sahihi. Uliona koo lililovimba. Uliona kwamba hali kitu. Hukusema kwamba ana wivu, wala kwamba amekataa chakula ili kukukomoa. Ulijua mara moja kwamba amebeba watoto, ukamtafutia utulivu.

Sasa rudi ukazisome habari za Peris kwa macho yale yale. Hali chakula. Hutapika asubuhi. Harufu ya samaki humchukiza. Hulamba udongo. Ana neno la kukuambia. Mkunga amewaacha ng'ombe wake, ameacha na baridi ya Werugha, amekuja kulala katika joto la Voi, na mayai ameyabeba kwa ajili ya mtu. Karani mzima wa reli, ujuaye saa ya kila gari, hili hukuliona likija?

Mkeo ni mja mzito, bwana. Musyimi na atafute mzaha mwingine.

Nakuonea huruma kidogo, kwa kuwa ndoa yako ni changa, lakini kidogo tu. Leo ukitoka kazini, mwite Peris, umwombe radhi kwa lile neno ulilolikatiza, umwambie, "Nimekuja kulisikiliza." Kisha unyamaze. Akikuambia, usimfananishe na samaki.

Habari ya perege mpe mke wa mchungaji, au mama yeyote wa makamo, aingie kwa mama mkwe aseme maneno haya tu: "Huyu hana rovu, ana mimba ya kinywani." Kwa mkunga yatosha. Hatamkanda; na niwajuavyo wakunga, tangu hapo hata wewe hutaruhusiwa kukohoa karibu na kabati. Watoto wakitoka, wapewe kiini cha yai lililochemshwa, kisagwe laini, kiwe kidogo ili maji yasioze, na yai hilo likanunue sokoni mwenyewe. Mayai ya Werugha usiyaguse.

Ama kuhusu kuingia chumbani, vumilia. Wewe mwenyewe umeandika kwamba jike akibeba huachwa mahali pa utulivu, na dume, kazi yake ikiisha, hutolewa nje asimsumbue. Mama mkwe wako hajapata kufuga samaki, lakini utaratibu huo anaujua. Lala kwenye benchi lako, na ushukuru kwamba hakukutia katika debe.